Kutoka Hongo hadi Katiba: Somo la Serikali na Uchumi katika Njia ya Tabora

Ndugu msomaji, kijana aanzaye kusoma elimu ya uraia hukutana na maneno matatu tangu ukurasa wa kwanza: serikali, uchumi na katiba. Aghalabu huyakariri kama akaririvyo majina ya mito ya nchi asiyopata kuiona. Akishinda mtihani huyasahau. Sababu moja ni kwamba mifano apewayo yatoka mbali, katika miji ya Ulaya na Marekani, na hali mambo hayo yote yametendeka hapa kwetu, katika njia ya zamani ya misafara itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika somo hili twataka kuyafuata maneno hayo katika njia hiyo, ili mwanafunzi ajue kila moja lilizaliwa kwa haja gani.

Tena liko swali ambalo mtu aichunguzaye dini ya Islam katika sehemu hizi hana budi kuliuliza, wala si haki kulikwepa: ikiwa njia hii ndiyo iliyofikisha jina la Islam barani, na ndiyo hiyo hiyo iliyopitisha watu waliofungwa minyororo, tuhukumu vipi? Msomaji ataona kwamba swali hilo na swali la katiba ni ndugu wa tumbo moja.

1. MAANA YA MANENO

Serikali ni neno lililotujia kutoka Uajemi kwa kupitia Bara Hindi. Maana yake ni mamlaka yenye haki ya kuamuru watu wa nchi, kuwahukumu, kuwalinda na kuwatoza kodi. Uchumi ni neno letu wenyewe, latokana na kuchuma. Maana yake ni jinsi watu wapatavyo riziki zao, wanavyozigawana na wanavyobadilishana. Katiba latokana na Kiarabu, katika asili ile ile iliyotupa kitabu na katibu, nayo yaelekeza kwenye maandishi. Katiba ni sheria iliyo mama wa sheria nyingine: huonyesha nani atawale, kwa njia gani apate utawala, mipaka yake ni ipi, na raia ana haki gani ambazo mtawala hawezi kumnyang'anya.

Basi tukisema kwa ufupi, serikali ni mkono, uchumi ni chakula, na katiba ni sharti linalouzuia mkono usile chakula chote peke yake.

2. SERIKALI YA MTEMI

Kabla ya wageni kufika, nchi ya Unyamwezi haikuwa dola moja. Ilikuwa na himaya nyingi ndogo ndogo, kila moja na mtemi wake. Husemwa kwamba neno mtemi limetokana na kutema, yaani kufyeka msitu ili watu wapate mahali pa kulima. Wengine husema ni kukata mashauri, yaani kuamua kesi. Maana zote mbili zafaa, kwani zaonyesha wazee walitazamia nini kwa mtawala: awapatie ardhi na awaamulie kwa haki.

Chini ya mtemi walikuwapo wanangwa walioangalia vijiji, na kando yake walikuwapo wazee wa baraza waitwao wanyampara. Mtemi hakurithiwa tu kama shamba lirithiwavyo. Wakubwa wa baraza walikuwa na sauti katika kumchagua miongoni mwa wenye haki ya kurithi. Watu walimpa mtemi sehemu ya mavuno na kumlimia, na mwindaji aliyeua ndovu alipaswa kumpelekea pembe. Naye mtemi alitazamiwa kuweka nafaka ghalani na kuwagawia watu wakati wa njaa.

Swali: Je, hiyo ilikuwa katiba?

Jibu: Ilikuwa katiba isiyoandikwa. Watu walijua haki za mtemi na wajibu wake, na mila ndiyo iliyokuwa shahidi. Hata leo Uingereza haina kitabu kimoja kiitwacho katiba. Inaendeshwa kwa sheria nyingi na kwa desturi. Lakini katiba ya mila ina udhaifu mmoja mkubwa. Inafaa maadam watu wote wanafuata mila moja. Akija mgeni mwenye mali na silaha, asiyetambua mila hiyo, hapana maandishi ya kumwonyesha wala mahakama ya kumfikisha. Na jambo hilo ndilo lililotokea Unyanyembe.

3. HONGO

Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara Waarabu na Waswahili walifanya makao yao Kaze, mahali palipo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe. Wazungu Burton na Speke walipofika mwezi wa Novemba 1857 waliukuta mji huo umekwisha kuwa njia panda: njia moja yaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine yaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine yashuka kusini. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wamekwisha kupeleka misafara yao pwani kabla ya hapo, wakiuza pembe za ndovu, na sifa yao ya upagazi ilienea pande zote.

Kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtawala fulani ulidaiwa kutoa hongo. Siku hizo hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa njia, uliolipwa kwa nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za madini. Msafiri alilipa, naye mwenye nchi akampa ruhusa ya kupita, maji ya visima na amani. Huko Ugogo, ambako maji ni haba, hongo ilikuwa kubwa na mazungumzo yake yaliweza kuchukua siku kadhaa.

Sasa, msomaji, tafakari habari ya neno hili. Hongo iliyokuwa kodi halali, leo ni jina la kosa la jinai. Kwa nini neno likaanguka hivyo? Mwandishi wa somo hili aona funzo ndani yake. Kodi na rushwa zote mbili ni mali itokayo mkononi mwa mtu na kuingia mkononi mwa mwenye mamlaka. Kinachozitenga ni mambo matatu: kiasi kijulikane mapema, mlipaji apewe haki iliyo sawa na ya mwenziwe, na mpokeaji atoe hesabu. Yakiondoka hayo, kodi yageuka rushwa hata kama mpokeaji ameketi juu ya kiti cha enzi. Kwa hiyo yule aketiye ofisini leo na kudai chochote ili atie muhuri karatasi, ajue kwamba amerudi kwenye njia ya misafara, na hata kisima hana cha kumwonyesha msafiri.

Ugomvi wa kwanza mkubwa wa kikatiba katika Tabora ulikuwa juu ya kodi. Baada ya kufa mtemi Fundikira, alitawala Mnwa Sele. Huyu alitaka wafanya biashara watozwe ushuru, nao wakakataa. Mnamo mwaka 1860 walimwondoa kwa silaha, wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnwa Sele aliwapiga vita kwa miaka kadhaa porini, akakata njia zao, mwishowe akauawa mwaka 1865. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: mtemi aliyekuwa akipewa kiti kwa shauri la wazee wake, sasa alipewa na wenye bidhaa. Himaya ilibaki na jina lake na ngoma zake, lakini swali la nani ana haki ya kumweka mtawala lilikuwa limekwisha kujibiwa na bunduki.

4. MIRAMBO

Wakati huo huo, magharibi ya Tabora, alitokea Mirambo. Alirithi utemi mdogo, akaunganisha himaya nyingi kwa vita akitumia askari vijana waitwao rugaruga, na makao yake yakaitwa Urambo. Mwaka 1871 alipigana na wafanya biashara wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa, ikambidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Pembe za ndovu zikakwama, na bei ikatikisika hata Unguja.

Mirambo alifahamu jambo ambalo watawala wengi hawakulifahamu: kwamba ashikaye njia ashika uchumi. Alijenga dola yenye nguvu, iliyojulikana na Sultani Barghash wa Unguja na Waingereza pia. Lakini alipofariki mwezi wa Desemba 1884, dola hiyo ilianza kuvunjika mara moja. Kwa nini? Kwa sababu ilisimama juu ya mtu mmoja. Hapakuwa na mapatano yaliyokubaliwa na wote juu ya nani afuate, wala baraza lililozihusu himaya zote zilizotekwa. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba serikali ya mtu hufa pamoja naye, na serikali ya sheria humzika mtawala asubuhi na jioni ikaendelea na kazi.

5. UCHUMI WA MISAFARA, NA DHULUMA YAKE

Wanafunzi hufundishwa kwamba uchumi wa kibepari wahitaji mtaji, mkopo, kazi ya ujira na soko. Vyote vinne vilikuwapo Tabora. Mtaji ulikuwa nguo na shanga. Mkopo ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, nao walingoja kwa miaka hata pembe zirudi. Ujira ulilipwa kwa wapagazi kwa mikono ya nguo. Na soko lilifika mbali sana: merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka katika viwanda vya Marekani, na pembe za Unyamwezi ziliishia katika vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko ng'ambo.

Lakini katika soko hilo mtu naye aliuzwa. Hapa ndipo lilipo swali tulilolitaja mwanzo. Miongoni mwa wafanya biashara hao walikuwamo waliosali sala tano na kufunga Ramadhani, kisha wakanunua watu waliotekwa vitani na kuwapeleka pwani. Hatutasema kwamba hawakuwapo, wala hatutajikinga kwa kutaja dhambi za Wareno na Wafaransa waliopakia watumwa katika merikebu zao, wala watemi waliouza mateka wao wenyewe. Dhuluma haitakaswi kwa dhuluma ya mwingine.

Jibu letu ni hili. Mtu huhukumiwa kwa sheria aliyoikiri. Sheria haihukumiwi kwa mtu aliyeivunja. Qurani Tukufu imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya makosa, na imeweka fungu la zaka kwa kazi hiyo. Na yamepokewa maonyo makali ya Mtume Mtukufu s.a.w. kwa mtu amwuzaye mtu huru na kula thamani yake. Basi aliyeshambulia kijiji cha watu waliolala, akawafunga na kuwauza, alikuwa akiivunja sheria ya dini yake, hata kama tasbihi ilikuwa mkononi. Mwenye kuichunguza dini asiache kuuliza matendo ya wafuasi; ana haki hiyo. Lakini baada ya kuuliza, na afungue sheria yenyewe aone wanasimama upande gani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Muda ulikuwa mrefu mno, nao waliosubiri walikuwa binadamu.

Hapo ndipo tunapoona haja ya katiba. Sheria iliyo njema ikiwa haina mamlaka ya kumkamata mwenye nguvu, hubaki nasaha tu.

6. KATIBA ILIZALIWAJE DUNIANI

Watu hudhani kwamba katiba ilianza Ulaya. Mtume Muhammad s.a.w. alipohamia Madina mwaka 622 alikuta makabila ya Waarabu yaliyochoshwa na vita, na makabila ya Kiyahudi, na pamoja nao wakaingia Wahajiri kutoka Makka. Aliandikisha mkataba uliowafanya wote hao kuwa jamii moja katika ulinzi wa mji. Kila kundi lilibaki na dini yake, kila ukoo ulibeba wajibu wa kulipa dia na kukomboa mateka wake, na magomvi makubwa yakaletwa kwa Mtume. Mwanahistoria Ibn Ishaq ameyahifadhi maneno ya mkataba huo. Na baada ya Mtume kufariki mwaka 632, Hazrat Abubakar r.a., alipochaguliwa kuwa Khalifa, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa, na wamnyoshe akienda kombo.

Uingereza, mwaka 1215, mabwana wa nchi walimlazimisha Mfalme John kutia muhuri hati iitwayo Magna Carta. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba aina fulani za kodi zisitozwe bila ya shauri la wakubwa wa nchi, na mtu huru asifungwe ila kwa hukumu ya sheria. Marekani iliandika katiba yake mwaka 1787, baada ya vita vilivyoanza kwa ugomvi wa kodi zilizotozwa na Bunge ambamo hawakuwa na mjumbe. Katiba hiyo iligawa madaraka mafungu matatu: wa kutunga sheria, wa kutekeleza na wa kuhukumu. Hata hivyo iliwaacha watumwa katika utumwa wao hadi mwaka 1865. Basi usidanganyike na uzuri wa maandishi; uliza pia ni nani aliyeachwa nje ya mlango yalipoandikwa.

Msomaji ataona kwamba ugomvi wa Mfalme John, wa Wamarekani na wa Mnwa Sele ni wa namna moja: nani atoze, na kwa idhini ya nani?

7. WAGENI WATAWALA

Wajerumani walipoingia Unyanyembe walimkuta mtemi Isike, ambaye hakukubali kuwapa nchi. Walishambulia boma lake mara kadhaa. Mwezi wa Januari 1893, jeshi la Tom von Prince lilipoingia ndani, Isike aliwasha ghala la baruti ili asitwaliwe hai. Baadaye, tangu mwaka 1898, ilikuja kodi ya kibanda. Kodi hiyo haikuwa ya kupata mapato tu. Mtu asiye na fedha alilazimika kwenda kufanya kazi ya mshahara, na Wanyamwezi wengi wakaelekea mashamba ya mkonge. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi, aliyekuwa mshipa wa biashara, akakosa kazi yake ya zamani.

Katika vita kuu ya kwanza Wajerumani walipozingirwa na kukosa fedha, walipiga sarafu hapo hapo Tabora mwaka 1916, za shaba na za dhahabu, sarafu ya dhahabu ikiwa na picha ya ndovu. Hili nalo ni somo la uchumi: fedha ni ahadi ya serikali, na serikali ikikaribia kuanguka watu hutaka dhahabu badala ya ahadi. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wabelgiji waliutwaa mji.

Chini ya Waingereza, amri ya Mfalme ya mwaka 1920 ndiyo iliyokuwa katiba ya kwanza iliyoandikwa ya Tanganyika. Iliandikwa London, nayo ilimpa Gavana mamlaka karibu yote. Mwaka 1926 likaundwa Baraza la Kutunga Sheria, lakini hakuna Mwafrika aliyeingia humo hadi mwaka 1945, walipoteuliwa machifu wawili, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia. Watemi waliachwa wakusanye kodi na kuhukumu kesi ndogo kwa niaba ya serikali ya kigeni. Hivyo mtemi akawa anajibu kwa Bwana Shauri badala ya baraza la wazee.

8. UAMUZI WA TABORA, 1958

Tabora ndiko ilikojengwa shule ya serikali ambamo watoto wa machifu walilelewa kuwa watumishi wa utawala. Julius Nyerere aliingia humo mwaka 1937, na baada ya Makerere akarudi kusomesha katika shule ya Misheni ya St. Mary's mjini humo. Na ni katika mji huo, mwezi wa Januari 1958, ambapo chama cha TANU kilifanya mkutano uliojaribu hekima ya viongozi wake.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Serikali ilikubali uchaguzi, lakini kwa sheria ya kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika walipindukia milioni 8, na Wazungu walikuwa wapata 20,000 tu, lakini viti vilikuwa sawa sawa. Tena mpiga kura ilimpasa awe na pato la paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi kilichowekwa, au cheo kilichotajwa. Wanachama wengi walisema: Kushiriki ni kuikubali dhuluma. Neno lao halikuwa la upuuzi. Nyerere na wenziwe wakasema: Tukisusa, viti vitachukuliwa na wapinzani wetu, nao ndio watakaotunga sheria za kesho.

Mkutano ukakata shauri kushiriki. Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake, African National Congress. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na watu walioungwa mkono na TANU, wakiwamo Wazungu na Waasia, wakashinda. Mfumo wa kura tatu ukafa kwa silaha yake wenyewe. Jambo hilo limeitwa Uamuzi wa Busara.

Mwanafunzi ajifunze hapa tofauti ya mambo mawili. Kuikubali sheria mbaya kuwa ni haki ni kosa. Kuitumia sheria mbaya ili kuibadilisha kwa amani ni jambo jingine, maadam nia iwe wazi na lengo lisisahauliwe njiani.

9. KATIBA ZETU NA MIFUMO YA UCHUMI

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 kwa katiba iliyotolewa na Uingereza. Mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri kwa katiba iliyopitishwa na Bunge lake lenyewe. Waziri wa Sheria wakati wa uhuru alikuwa Chifu Abdallah Fundikira, wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Alipojiuzulu mwaka 1963, nafasi hiyo ilishikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mshairi na mubashiri wa Jumuiya ya Ahmadiyya, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Tazama hekima ya Mwenyezi Mungu: njia iliyopitisha minyororo ilitoa walinzi wa sheria wawili wakifuatana, mmoja kutoka njia panda yake na mwingine kutoka mwisho wake. Sheikh Amri alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu.

Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Mwaka 1964 ukaja Muungano na Zanzibar, na mwaka 1965 Katiba ya Muda ya chama kimoja. Katiba ya sasa ni ya mwaka 1977. Haki za raia ziliingizwa ndani yake mwaka 1984, na vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992; Chifu Fundikira, aliyekuwa mzee wakati huo, alikuwa miongoni mwa walioongoza madai ya mageuzi hayo. Mwaka 2014 Bunge Maalum lilipitisha Katiba Inayopendekezwa, lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanywa tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Basi kazi ya kuandika sharti baina ya mtawala na mtawaliwa haiishi kwa kizazi kimoja.

Kwa upande wa uchumi, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na watu wakahamishiwa vijijini. Tangu miaka ya 1980 ya katikati nchi ikaelekea soko huria. Mwanafunzi huulizwa: Upi ni bora? Kabla ya kujibu, na akumbuke Urambo. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza, iliyo ya nchi ya kibepari, ilianzisha huko, na Kongwa na Nachingwea pia, mpango mkubwa wa karanga. Ulipangwa London kwa haraka, matrekta yakaletwa, ardhi na mvua hazikuchunguzwa ipasavyo, na mkulima mwenyeji hakuulizwa. Mwaka 1951 ukaachwa baada ya kupoteza mamilioni ya paundi. Makosa ya namna hiyo hiyo, ya kumpangia mkulima bila ya kumsikiliza, yalirudiwa katika kuhamisha watu vijijini miaka ya 1970. Mifumo miwili yenye majina yanayopingana ilijikwaa katika jiwe moja.

Mafundisho ya Islam hayamnyimi mtu mali aliyoichuma kwa jasho lake, wala hayamwachi ailimbikize huku jirani ana njaa. Yameamuru zaka, yamegawa urithi ili mali isikae mkono mmoja, yamekataza riba, na yamefanya shauri kuwa sifa ya waaminio na uongozi kuwa amana apewayo astahiliye. Kwa mizani hiyo kila mfumo waweza kupimwa: Je, mdhaifu anapata riziki? Je, anaulizwa? Je, mwenye mamlaka anatoa hesabu?

10. MAZOEZI

1. Eleza tofauti ya kodi na rushwa kwa kutumia historia ya neno hongo.
2. Kwa nini dola ya Mirambo ilivunjika baada yake? Katiba ingewasaidia nini warithi wake?
3. Ungalikuwa mjumbe katika mkutano wa Tabora mwaka 1958, ungalipiga kura upande gani, na kwa hoja gani?
4. Mwombe mzee wa kijijini kwako akueleze mwanangwa alipatikanaje na aliondolewaje. Linganisha na mwenyekiti wa kijiji wa leo.

Ndugu msomaji, njia ya misafara leo imefunikwa na barabara na reli, na miembe ya Tabora yawapa kivuli watu wasiojua ni nani walipita chini yake. Lakini kila anayekabidhiwa mamlaka, hata ya kutunza fedha za darasa au za msikiti, amesimama pale pale alipokuwa mwenye nchi mbele ya msafara. Ataomba hongo ya jana au ya leo. Hilo ni shauri lake na dhamiri yake, na siku moja atalitolea hesabu mahali ambapo hakuna wa kumhonga. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.